David Ogilvy: Muuza majiko aliyeuza magari kwa maelezo ya kweli

MWENYE gari lililotumika akiamua kuliuza mwenyewe, bila dalali, hukumbana na tatizo moja kubwa: mnunuzi hamwamini. Akiandika kwenye tangazo kwamba gari ni zuri na halina shida, mnunuzi anajua kuwa hata mwenye gari bovu ameandika hivyo hivyo.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza tatizo hilo katika makala iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001. Hoja yake ilikuwa kwamba muuzaji anazijua siri za gari lake na mnunuzi hazijui, hivyo mnunuzi hukubali kulipa bei ya gari la wastani tu. Mwenye gari zuri huona bei hiyo inampunja na kujitoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu.

Miaka 12 kabla ya makala hiyo, mtu ambaye hakuwa mchumi wala fundi wa magari alikuwa ameonyesha namna maandishi yanavyoweza kumwondolea mnunuzi wasiwasi. Huyo ni David Ogilvy, mwandishi wa tangazo la gari linalotajwa hadi leo kuwa miongoni mwa matangazo bora ya karne ya 20.

Aacha chuo, aingia jikoni

Ogilvy alizaliwa Juni 23, 1911, huko West Horsley, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Mskoti aliyefanya kazi ya udalali wa hisa, aliyumba kibiashara wakati uchumi ulipodorora katika miaka ya 1920. Kijana huyo alisoma kwa ufadhili, kwanza Fettes huko Edinburgh na kisha Chuo Kikuu cha Oxford.

Masomo yalimshinda. Mwaka 1931 aliondoka Oxford bila shahada, akaenda Paris na kuajiriwa katika jiko la Hoteli Majestic. Mpishi mkuu, Mfaransa aliyeitwa Pitard, alikuwa mkali na hakuvumilia kazi ya ovyo. Kwake, chakula kilichoandikwa kwenye orodha ya siku kilipaswa kupatikana, na kiwe kama kilivyoahidiwa. Ogilvy alidumu hapo muda usiozidi mwaka mmoja na nusu, lakini nidhamu hiyo aliisimulia maisha yake yote.

Kutoka Paris alirudi Uingereza akapewa kazi ya kuuza majiko ya Aga huko Scotland, nyumba kwa nyumba. Aga lilikuwa jiko zito la chuma, lililobuniwa na Msweden Gustaf Dalén, na bei yake haikuwa ya mchezo. Anayegonga mlango wa mtu kumuuzia kitu cha aina hiyo hawezi kutegemea maneno matamu peke yake.

Ogilvy aliuza kwa kujua. Kwa kuwa alishakuwa mpishi, aliweza kuwaonyesha wapishi wa nyumba hizo namna jiko linavyofanya kazi, linavyotunza joto na linavyobana matumizi ya makaa. Mauzo yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1935 kampuni ilimtaka awaandikie wauzaji wenzake mwongozo. Jarida la Fortune lilikuja kuusifu miaka mingi baadaye kuwa huenda ni mwongozo bora wa mauzo kuwahi kuandikwa.

Mwongozo huo ulimfungulia mlango wa kampuni ya matangazo ya Mather & Crowther ya London, alikokuwa akifanya kazi kaka yake, Francis. Huko, kwa simulizi lake mwenyewe, alikuja mteja aliyetaka kutangaza hoteli ya mashambani kwa fedha kidogo, kama dola 500. Ogilvy alinunua kadi za posta na kuwatumia watu waliokuwa kwenye kitabu cha simu cha eneo hilo. Hoteli ilifunguliwa ikiwa imejaa. Tangu hapo alithamini tangazo linalomfikia mtu mwenye haja, hata kama ni la gharama ndogo.

Kutoka takwimu hadi shamba la tumbaku

Mwaka 1938 alihamia Marekani. Kwa miaka mitatu alifanya kazi na George Gallup, mtafiti maarufu wa maoni ya wananchi, na alishiriki katika tafiti zaidi ya 400 za watazamaji wa sinema. Hapo alijifunza kuuliza kwanza na kuandika baadaye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia idara ya ujasusi ya Uingereza huko Marekani.

Kisha akageukia kilimo. Alinunua shamba katika wilaya ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania, akaishi jirani na Waamish, jamii ya Kikristo inayolima kwa wanyama kazi na kuepuka mitambo mingi ya kisasa. Alilima tumbaku. Maisha yale aliyapenda, lakini baada ya miaka michache alikiri kwamba ukulima haungemlisha, akarudi mjini.

Septemba 1948, akiwa na umri wa miaka 37, alianzisha kampuni ya matangazo jijini New York kwa kuungwa mkono na kampuni mbili za London. Fedha zake mwenyewe zilikuwa kama dola 6,000, na wateja walikuwa hawajapatikana. Umaarufu ulianza mwaka 1951, alipotangaza mashati ya Hathaway kwa picha ya mwanamume aliyezibwa jicho moja. Kitambaa kile cha jicho kilikuwa cha bei ndogo tu, lakini watu walisimama kuangalia na mashati yakanunuliwa.

Wiki tatu za kusoma

Kazi ya magari ya Rolls-Royce ilikuwa na bajeti ndogo. Ogilvy alitumia wiki tatu kusoma taarifa za kiufundi za gari hilo kabla ya kuandika. Katika kusoma huko alikuta maelezo ya mhariri wa ufundi wa jarida moja la magari la Uingereza, kwamba gari likienda maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme.

Maelezo hayo ndiyo aliyoyafanya kichwa cha tangazo mwaka 1958. Hakusema gari ni tulivu kuliko yote duniani. Alitaja mwendo, akataja sauti, akamwachia msomaji aamue. Inasimuliwa kwamba mhandisi mmoja wa kiwandani aliposoma kichwa hicho alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema saa ile ilihitaji kurekebishwa.

Chini ya kichwa yalifuata maelezo 13 yenye namba, jumla ya maneno 607. Msomaji alielezwa kuwa kila injini huendeshwa saa saba kwa nguvu zote kabla ya kufungwa, kwamba gari hupakwa rangi ya chini mara tano na ya juu mara tisa, na kwamba dhamana ni ya miaka mitatu. Bei iliandikwa waziwazi. Aliyeona haya kuendesha Rolls-Royce alielekezwa anunue Bentley, ambayo ilitofautiana kwa rejeta tu na ilikuwa na bei ya chini kidogo.

Tangazo lilichapishwa katika magazeti mawili na majarida mawili tu. Siri ya nguvu yake ni kwamba karibu kila sentensi ilikuwa na jambo ambalo mtu angeweza kwenda kulihakikisha. Neno zuri halipimiki, lakini saa saba na dhamana ya miaka mitatu hupimika.

Kampuni yake ilipopata kazi ya Mercedes, mbinu ilikuwa ile ile. Kikundi cha watu wake kilikaa wiki tatu Stuttgart, Ujerumani, kikiwahoji wahandisi na kurekodi majibu. Matangazo marefu yaliyotokana na mahojiano hayo, kwa hesabu za Ogilvy, yalipandisha mauzo Marekani kutoka magari 10,000 kwa mwaka hadi 40,000.

Ukweli una mipaka?

Katika kitabu chake cha mwaka 1963, Confessions of an Advertising Man, Ogilvy aliwaonya waandishi wa matangazo wasimdharau mnunuzi, kwani mnunuzi ni mtu mwenye akili sawa na mke wa mwandishi mwenyewe. Alisema pia kuwa wanaosoma kichwa cha tangazo ni mara tano ya wanaosoma maelezo, hivyo kichwa kisichotaja chochote ni fedha iliyotupwa.

Lakini katika kitabu hicho hicho alikiri jambo jingine: alikuwa akificha kasoro za bidhaa. Aliona ni kudai mno kumtaka mtengenezaji atangaze udhaifu wake.

Wapo walioona tofauti. Mwaka 1960 kampuni ya Doyle Dane Bernbach iliitangaza Volkswagen kwa picha ya gari lenye neno moja chini yake: limau, ambalo kwa Wamarekani ni jina la gari bovu. Maelezo yalifafanua kuwa gari hilo lilikataliwa na mkaguzi kiwandani kwa sababu ya dosari ndogo kwenye ukanda wa kromu wa kisanduku cha mbele. Msomaji alielewa mwenyewe: kama hilo limekataliwa, yaliyopita ukaguzi ni salama. Akerlof naye alitumia neno hilo hilo la limau katika makala yake ya 1970.

Hata Ogilvy alikuwa na mahali pa kukomea. Kwa maelezo yake, Rolls-Royce walipopeleka Marekani magari 500 yenye kasoro, aliacha kazi yao. Aliyekuwa ameahidi ubora kwa maandishi hakutaka kuendelea kuahidi asichokiamini.

Alistaafu shughuli za kila siku katika miaka ya 1970 na kuhamia Touffou, jumba la kale alilolinunua nchini Ufaransa. Mwaka 1989 kampuni yake ilinunuliwa na WPP ya Uingereza kwa dola milioni 864, jambo alilolipinga kwanza na kulikubali baadaye. Alifariki hapo Touffou Julai 21, 1999, akiwa na miaka 88.

Somo kwa mwenye gari

Ogilvy aliuza magari mapya yenye kiwanda na dhamana nyuma yake. Ikitokea hitilafu, mnunuzi alijua pa kwenda. Mtu anayeuza gari lake mtandaoni leo hana dhamana ya kutoa, hivyo ni lazima aende mbali kuliko Ogilvy: ataje uzuri kwa vipimo, na ataje kasoro kabla hajaulizwa.

Kichwa cha tangazo kiwe na aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, kilomita ilizotembea na bei. Maelezo yataje ukubwa wa injini, aina ya gia, idadi ya wamiliki waliotangulia, tarehe ya huduma ya mwisho na vipuri vilivyobadilishwa, pamoja na risiti zake kama zipo. Badala ya kusema gari halinywi mafuta, muuzaji apime mwenyewe: ajaze tangi, atembee kilomita zinazojulikana, ajaze tena na kuandika lita zilizoingia.

Picha zipigwe mchana, gari likiwa safi, kutoka pande zote, ndani na kwenye injini. Kama mlango umekwaruzwa au shoksi moja imechoka, picha na gharama ya fundi viwemo. Mnunuzi akiona kasoro ndogo imetajwa bila kulazimishwa, huanza kuamini na yale mazuri. Aidha, akialikwa aje na fundi wake kukagua, muuzaji anakuwa ametoa kitu kinachokaribia dhamana. Namba ya injini na nakala ya kadi ya gari zisiwekwe mtandaoni. Zionyeshwe kwa mnunuzi anayekuja kukagua.

Kufanya hivyo si hisani kwa mnunuzi. Katika soko ambalo kila gari linasemwa ni zuri, mwenye gari zuri ndiye anayepoteza zaidi akikaa kimya, kwa kuwa analipwa bei ya bovu. Maelezo yanayoweza kuhakikiwa ndiyo yanayomtenga na wengine, na ndiyo yanayompa haki ya kudai bei inayolingana na gari lake.