Mfalme Albert na Milima ya Virunga

Albert alizaliwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tarehe 8 Aprili 1875. Baba yake alikuwa ndugu mdogo wa mfalme Leopold II. Tangu ujana Albert alipenda kusoma, na tena alipenda sana kupanda milima.

Mwaka wa 1909 alisafiri mpaka Kongo, akapita katika Katanga. Wakati ule mji wa Lubumbashi ulikuwa haujajengwa. Palipo na nyumba za Golf leo hapakuwa na barabara hata moja ya mji. Mwezi wa Desemba mwaka uleule Leopold alikufa, na Albert akawa mfalme. Mwaka wa 1910 mji ukaanza kujengwa, ukaitwa Elisabethville kwa jina la mke wake, malkia Elisabeth.

Mwaka wa 1919 Albert alikwenda Marekani. Huko alionyeshwa bonde la Yosemite, lenye miti mirefu na maporomoko ya maji. Serikali ilikuwa imeliweka chini ya ulinzi, ili hata watoto ambao hawajazaliwa waje kuliona. Albert alilikumbuka jambo hilo.

Siku zile wageni walikuja kuwaua gorila wa milima ya Virunga, karibu na ziwa Kivu, wapeleke ngozi zao katika nyumba za makumbusho. Mmoja wao alikuwa Mmarekani Carl Akeley. Yeye aliwaua gorila mwaka wa 1921, kisha akaona kwamba karibu watakwisha. Basi akawaomba Wabelgiji wawalinde. Tarehe 21 Aprili 1925 mfalme Albert alitoa amri, na hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika ikaanzishwa. Ilipewa jina lake.

Lakini amri ile ilikuwa na kasoro kubwa. Katika nchi ile walikaa wakulima, wafugaji na wawindaji. Hawakuulizwa neno. Hifadhi ilipozidi kupanuliwa, wengi walihamishwa, wakaacha mashamba na makaburi ya babu zao. Uchungu wao ulirithiwa na watoto wao, na ugomvi juu ya mashamba haujaisha hata leo.

Albert alikufa tarehe 17 Februari 1934. Alikuwa akipanda mwamba peke yake huko Marche-les-Dames, akaanguka.

Tangu 1969 hifadhi ile inaitwa Virunga. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda. Gorila wa milimani hawakwisha. Leo wamepita 1,000, katika Kongo, Rwanda na Uganda. Katika Katanga pia iko hifadhi, ndiyo Upemba, iliyoanzishwa mwaka wa 1939.

Watoto ambao hawajazaliwa hawana sauti barazani. Hawawezi kudai msitu wala mto wala mnyama. Mtawala mwenye akili huwasemea, na Albert aliwasemea. Lakini watu walio hai wana sauti, na wao hakuwasikiliza. Mungu alipomweka Adamu katika bustani alimpa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Anayetunga sheria ya nchi asisahau hata moja.