Bibi Karen Jeppe, Mama wa Yatima wa Waarmenia

Jina la Harani mnalijua katika habari za Ibrahimu. Si mbali na Harani uko mji wa Urfa, uliokuwa zamani katika enzi ya Sultani wa Uturuki. Mwishoni mwa mwaka 1895 Waarmenia wa mji ule, ambao ni Wakristo tangu kale, waliuawa kwa maelfu, na wengi wakateketezwa kwa moto ndani ya kanisa walimokimbilia. Watoto wao wakabaki hawana baba wala mama. Ndipo Mdachi mmoja, mchungaji Johannes Lepsius, akawafanyia yatima nyumba ya kuwatunza.

Habari hizo zilifika hata Denmark, alikokuwa mwalimu wa kike, Karen Jeppe. Alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Gylling, na baba yake naye alikuwa mwalimu. Alianza masomo ya chuo kikuu, lakini afya haikumruhusu kuyamaliza, akashika kazi ya kufundisha. Mwaka 1902 alimsikia mtu akihutubu juu ya mateso ya Waarmenia. Walio wengi husikia mambo kama hayo, wakahuzunika, wakarudi kwao kula. Yeye alihuzunika, akafunga mizigo yake, na mwaka 1903 alikuwa Urfa.

Huko alifundisha watoto kusoma kwa sauti za herufi, si kwa kukariri tu (jambo ambalo sisi waalimu wa vijijini hatujaliweza bado sote). Tena aliona ya kuwa yatima asiye na kazi ya mikono, siku atakapotoka mlangoni, atakuwa mwombaji. Kwa hiyo aliwatafutia kazi za ufundi na za shamba. Mvulana mmoja, Misak, alimfanya mwanawe, na baadaye akawa msaidizi wake.

Hata mwaka 1915, wakati wa vita kuu, serikali ya Uturuki ikaamuru Waarmenia wahamishwe. Wakaswagwa jangwani kama mifugo, wakafa kwa njaa, kiu na upanga, watu mamia ya maelfu. Bibi Jeppe aliwaficha watu chini ya sakafu ya nyumba yake, na wengine akawavika nguo za Kikurdi au za Kiarabu ili wapate kupita. Kama wangalionekana, wangalikufa wao, na yeye pia angaliingia hatarini. Alikaa katika hofu hiyo miaka, hata mwaka 1918 akarudi kwao Denmark, mwili wake umechoka kabisa.

Mtu angalidhani ya kuwa kazi yake imekwisha. Lakini mwaka 1921 alikwenda tena, safari hii katika mji wa Aleppo, nchi ya Shamu, na Shirikisho la Mataifa likamkabidhi kazi ya kuwatafuta wanawake na watoto waliopotea. Maana wengi walikuwa wamebaki mikononi mwa watu wa jangwani. Tusiseme uongo: Waarabu wengine waliwachukua watoto kwa huruma, wakawalea vema, wengine waliwafanya watumwa. Bibi Jeppe alipeleka wajumbe vijijini, na kila aliyetaka kutoka akasaidiwa kufika kwenye nyumba yake mjini.

Kila aliyefika aliandikwa kitabuni: jina lake, jina la baba yake, mji wake, na jinsi alivyopotea, tena akapigwa picha. Vitabu hivyo viko Geneva hata leo. Sikilizeni sababu yake. Mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka minne au mitano alikuwa amesahau lugha ya mama yake, na pengine hata jina lake. Kumlisha na kumvika ni kazi ya siku moja. Kumtafutia mjomba au dada aliye hai ni kazi ya miezi. Bibi Jeppe hakuiona ya kwanza kuwa inatosha pasipo ya pili. Walioandikwa na kusaidiwa hivyo walikuwa karibu 2,000.

Shirikisho lilipoacha kutoa fedha mwaka 1927, aliendelea kwa sadaka za rafiki zake. Wasio na ndugu aliwapatia mahali pa kulima katika nchi ya mto Frati, kwa urafiki wa Hajim Pasha, mkuu wa Mabedui, Mwislamu. Wakajenga vijiji, wakapanda, wakaoana.

Lakini nchi ile ina mbu. Malaria ilimshika, na mwezi wa Julai 1935 alifariki katika Aleppo, akazikwa huko huko kati ya Waarmenia. Mwaka 1947 Waarmenia wa mji ule walifungua shule kubwa, wakaiita kwa jina lake.