Jean Depara: Alinunua kamera kwa ajili ya arusi yake, akaachia Congo picha za usiku wa Kinshasa

SAKE, Masisi – Vijana wanaopiga foto kwenye arusi za Sake wana shida tatu ambazo kila mmoja wao anazijua. Kanisa lina madirisha madogo, na bibi arusi anasimama mbele ya altare penye giza. Nje, wageni wamekaa chini ya turubai la buluu, na nyuso zote zinageuka buluu. Tena saa kumi na mbili ya jioni jua linazama kwa haraka, kama kawaida ya sehemu zilizo karibu na ikweta, na keki bado haijakatwa.

Mkongomani mmoja aliifanya shida hiyo ya giza kuwa kazi yake. Jina lake ni Jean Depara. Leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya, lakini kamera yake ya kwanza hakuinunua kwa ajili ya sanaa. Aliinunua kwa sababu alikuwa anaoa.

Kamera ya bwana arusi

Lemvo Jean Abou Bakar Depara alizaliwa mwaka wa 1928 huko Kibokolo, kaskazini mwa Angola, karibu na mpaka wa Congo. Watu wa upande huo na wale wa Bas-Congo wana lugha moja na undugu wa zamani, na vijana wengi walivuka mpaka kutafuta kazi Léopoldville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Kinshasa.

Mwaka wa 1950, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, Depara alifunga ndoa. Alitaka siku hiyo ibaki na kumbukumbu. Akajinunulia kamera ndogo ya Kijerumani ya aina ya Adox. Hakuwa na diploma ya upigaji picha wala studio. Alikuwa bwana arusi aliyetaka foto za arusi yake.

Mwaka uliofuata, 1951, alihamia Léopoldville. Kamera peke yake haikuweza kumlisha. Alitengeneza baiskeli, alitengeneza kamera za watu wengine, na alifanya biashara ya vyuma chakavu. Kazi hizo za mikono zilikuwa na faida yake. Fundi anayefungua kamera iliyoharibika anaona jinsi mlango wa nuru unavyofunguka na kufunga, jinsi tundu la lenzi linavyopanuka na kupungua, na kwa nini filimu moja inatoka nyeusi na nyingine inatoka nyeupe.

Franco anamchukua

Mlango mkubwa ulifunguka mwaka wa 1954. Franco Luambo Makiadi, aliyekuwa bado kijana wa miaka 16 hivi lakini gitaa lake limekwisha kujulikana mjini, alimwomba Depara awe mpiga picha wake rasmi. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1956, Franco na wenzake walianzisha OK Jazz, orkestra iliyokuja kusikika Afrika nzima.

Kumfuata mwanamuziki ni kufanya kazi usiku. Depara alijikuta katika baa na mahali pa dansi: Afro Mogenbo, Kongo Bar, Oui, Show Boat. Huko rumba na cha-cha vilichezwa mpaka asubuhi. Alifungua pia studio yake mwenyewe na kuipa jina la utani alilokuwa nalo mjini: Jean Whisky Depara. Mchana aliwapokea wateja. Usiku alitoka na kamera na flashi yake.

Ni lazima kukumbuka mji ulivyokuwa wakati huo. Léopoldville ya wakoloni ilikuwa imegawanywa. Wazungu walikuwa na mtaa wao, Waafrika walikuwa na mtaa wao ulioitwa la cité, na usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea ovyo katika mtaa wa Wazungu. Picha nyingi za Wakongomani zilizotoka nje zilipigwa na wageni, nazo zilionyesha wafanyakazi, misioni, na watu wa vijijini waliopangwa mbele ya kamera kama vitu vya kuchunguzwa. Depara alipiga picha za watu waliokuwa wamechagua wenyewe namna ya kuonekana: mwanamke aliyevaa vizuri akiwa na bia mezani, wachumba wanaocheza, vijana wenye misuli wakijionyesha, na wale walioitwa Bills, waliojifananisha na mashujaa wa filimu za ng'ombe na farasi za Marekani. Alipiga pia watu wakiegemea magari makubwa ya Kimarekani.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, alikuwa tayari na miaka kumi ya kazi mkononi.

Namna ya kushinda giza

Wapiga foto wa arusi wanaweza kujifunza mengi kutoka picha zake za usiku. Ukiziangalia vizuri, nyingi zina tabia moja: mtu wa mbele anaonekana wazi, nguo yake inang'aa, ngozi yake ina uhai, na nyuma yake kuna giza. Hilo linatokana na sheria ya nuru. Flashi inapoteza nguvu kwa haraka kadiri inavyokwenda mbali. Kitu kilicho mbali mara mbili kinapata robo tu ya nuru. Kilicho mbali mara tatu kinapata sehemu moja juu ya tisa. Kwa hiyo, bibi arusi akiwa meta moja na nusu kutoka kwenye flashi, na wageni wakiwa meta nne na nusu, wageni watapata sehemu moja tu juu ya tisa ya nuru anayopata yeye.

Mpiga picha asiyejua hivyo anasimama mlangoni mwa kanisa, anapiga flashi kuelekea altare, na anapata migongo ya watu wa mstari wa nyuma ikiwa imeungua kwa nuru, huku maarusi wakiwa vivuli. Anayejua anasogea. Depara aliingia kati ya meza na kuwapiga watu akiwa karibu nao. Giza la nyuma lilifunika viti vitupu na kuta chafu, na mtu aliyepigwa akabaki peke yake kwenye nuru.

Kuna jambo la pili: ngozi nyeusi na nguo nyeupe katika picha moja. Hapo arusi inazidi baa kwa ugumu. Kamera inapopima nuru yenyewe, inachukulia kwamba kila kitu mbele yake kina rangi ya kijivu cha katikati. Gauni nyeupe likijaza picha, kamera inadhani kuna nuru kupita kiasi, inaipunguza, na uso wa bibi arusi unapotea. Suti nyeusi ya bwana arusi ikijaza picha, kamera inafanya kinyume, na gauni linabaki doa jeupe lisilo na mikunjo wala mapambo. Dawa yake ni ileile tangu wakati wa Adox hadi wakati wa simu: pima nuru kwenye uso, si kwenye nguo.

Picha za Depara zinazojulikana zaidi ni za nyeusi na nyeupe, na hilo lilimwepusha na tatizo jingine. Filimu za rangi za miaka ile zilitengenezwa kwa kupimwa kwenye ngozi ya Wazungu. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa Shirley, ili mafundi wasawazishe rangi kwa kumfuata yeye. Ngozi nyeusi zilitoka zikiwa giza tupu, hasa mtu mweusi alipopigwa pamoja na mtu mweupe. Kodak ilirekebisha filimu zake baadaye, na kati ya waliolalamika kwa nguvu walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao picha za bidhaa zao hazikuonyesha tofauti za rangi ya kahawia.

Depara hakuwa peke yake barani katika kazi hii. Huko Bamako, Seydou Keïta alitumia zaidi nuru ya jua katika ua wa studio yake, na katika miaka ya 1960 Malick Sidibé alizunguka na flashi kwenye dansi za vijana. Mmoja alitegemea mchana, mwingine usiku. Depara alijulikana kwa vyote viwili, lakini usiku ndio uliompa jina.

Kutoka baa hadi Bunge

Mwaka wa 1975, wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaire, Depara aliajiriwa kuwa mpiga picha rasmi wa Bunge. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka wa 1989. Mtu aliyezoea wacheza rumba sasa aliwapiga wajumbe wa serikali ya chama kimoja. Katika mwaka huohuo wa 1989 alipoacha Bunge, Franco, aliyemfungulia njia, alifariki.

Depara mwenyewe alikufa Kinshasa mwaka wa 1997, mwaka ambao utawala wa Mobutu ulianguka na nchi ikarudia jina la Congo. Nje ya Kinshasa wachache sana walikuwa wanajua jina lake. Sifa ilikuja baada ya kaburi. Revue Noire ya Paris, inayoshughulika na sanaa ya Afrika, ilichapisha kitabu cha picha zake. Mwaka wa 2015 picha zake ziliwekwa katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo kwenye Fondation Cartier, huko huko Paris.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu moja: negatifu zilikuwapo bado. Negatifu ni kipande kidogo cha plastiki. Maji yanakiharibu, joto linakikunja, na mtoto anaweza kukichezea mpaka kikakwaruzwa. Kama zile za Depara zingetupwa siku studio ilipofungwa, tungebaki na maneno ya wazee kuhusu usiku wa Léopoldville, bila nyuso za watu waliouishi.

Kwa nini jambo hili linahusu Sake

Sake iko kilometa 25 hivi magharibi mwa Goma, kwenye ncha ya Ziwa Kivu, mahali ambapo barabara ya Masisi na ile ya Minova zinaachana. Wakaaji wake wamejua kukimbia na kupokea wanaokimbia. Mwezi wa Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, maelfu ya watu wa Goma walitembea kwa miguu mpaka Sake. Mwezi wa Februari 2024 ilikuwa zamu ya watu wa Sake kufunga mizigo na kuelekea Goma, kwa sababu ya vita vilivyowakaribia.

Mtu anayekimbia anachukua watoto, sufuria, godoro, na karatasi akizikumbuka. Albamu ya arusi ni nzito, na mara nyingi inabaki ukutani au chini ya kitanda. Nyumba ikiibwa au ikiungua, ndoa ya miaka ishirini inabaki bila alama hata moja. Kwa mjane, foto ile inaweza kuwa picha pekee ya uso wa mume wake ambayo watoto wake wataiona. Ikiwa ilipigwa vibaya, na uso ni kivuli cheusi juu ya suti, hata ile iliyookolewa haisaidii kitu.

Ndiyo maana ubora wa picha ya arusi si anasa ya watu wa mjini. Mambo yanayoweza kuboresha kazi ya hapa hayahitaji feza nyingi. Kanisani, wapige maarusi wanapofika karibu na mlango au dirisha, si kwenye kona ya giza tu. Saa sita mchana, jua likiwa juu ya kichwa na kutia vivuli machoni, wasimamishwe chini ya paa la baraza, nyuso zikielekea nje. Mawe meusi ya volkano hayarudishi nuru, kwa hiyo kitambaa cheupe kikitandikwa chini mbele ya maarusi kitaangaza videvu na macho. Picha za familia zisipigwe chini ya turubai la rangi. Watu watoke nje dakika kumi. Na jioni ikifika, mpiga picha asogee karibu kabla ya kubonyeza flashi.

Halafu kuna kazi inayobaki wageni wakirudi nyumbani. Picha za leo hazina negatifu. Zinakaa kwenye simu au kwenye kadi ndogo ya kamera, ambayo wiki inayofuata inafutwa ili iingize arusi nyingine. Mpiga foto anayeweka nakala moja Sake na nyingine kwa ndugu aliye Goma au Bukavu, na anayewapa maarusi angalau foto chache zilizochapwa kwenye karatasi, anawapa kitu kinachoweza kuwasubiri hata wakiondoka.

Depara alikufa miaka 18 kabla ya maonyesho yale ya Paris. Wengi wa watu waliocheza mbele ya flashi yake walikuwa wamekwisha kufa pia. Lakini nyuso zao zilionekana wazi, kwa sababu alikuwa amesogea karibu nao, na kwa sababu negatifu hazikutupwa.