Mark Gruenwald: mpenzi wa BD aliyegeuka wino

Tukizungumza BD za mashujaa wa Marekani, majina yanayotajwa sana ni ya wale waliobuni mashujaa wenyewe. Mark Gruenwald hakubuni Captain America, wala timu ya Avengers. Yeye alianza kama msomaji tu, mtu wa kungojea namba mpya kila mara, na mapenzi yale ya utoto hayakumwachia mpaka kufa.

Alizaliwa tarehe 18 mwezi wa sita 1953 katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Alikuwa na miaka saba wakati kampuni ya DC ilianza kutoa Justice League of America, BD iliyounganisha Superman, Batman, Wonder Woman na wenzao katika timu moja. Hiyo ndiyo ilimkamata moyo. Watoto wengine walisoma, wakaweka pembeni. Yeye alisoma sawa vile karani anachunguza hesabu: shujaa huyu alikutana na yule katika namba gani? Kama mwaka jana jambo fulani lilimshinda, leo amepata wapi nguvu? Hadithi ziliandikwa na watu mbalimbali kwa miaka mingi, lakini yeye alitaka zote zikubaliane.

Kisha masomo ya chuo kikuu, mwaka 1976 alichapisha kwa nguvu yake mwenyewe andiko juu ya dunia mbalimbali zinazopatikana ndani ya BD. Akafuatisha gazeti dogo la wapenzi, Omniverse. Mwaka 1978 kampuni ya Marvel, mpinzani mkubwa wa DC, ilimpa kazi. Pale New York, ule ujuzi ambao watu wangeuona kuwa mchezo wa watoto uligeuka mshahara. Kuanzia 1983 aliongoza kitabu cha kumbukumbu cha Marvel kilichoorodhesha mashujaa wa kampuni, urefu wao, uzito wao, asili yao na kipimo cha nguvu zao. Kuanzia 1985 aliandika Captain America kwa karibu miaka kumi.

Lakini Justice League ilikuwa mali ya DC, na yeye alikuwa mtu wa Marvel. Angefanya nini? Marvel ilikuwa na timu yake inayofanana na ile, Squadron Supreme, iliyotokea mwaka 1971 ndani ya BD ya Avengers. Hyperion alikuwa mfano wa Superman, Nighthawk mfano wa Batman, Power Princess mfano wa Wonder Woman. Gruenwald aliichukua, akaiandikia hadithi ya namba 12, kila mwezi moja, katika 1985 na 1986.

Hapo ndipo mpenzi huyu aliwauliza mashujaa wake swali gumu. Katika hadithi hiyo nchi imeharibika, na Squadron wanaamua kuitawala wenyewe kwa mwaka mmoja, wamalize njaa, vita na uhalifu. Nia yao ni nzuri. Wanakusanya silaha za raia. Wanatengeneza mashine ya kubadilisha akili za wahalifu. Haipiti muda, mmoja wao anaitumia mashine ile kwa siri, ili mwanamke anayemkataa ampende.

Nighthawk, ambaye alikuwa rais wa nchi, anakataa tangu mwanzo. Anashika bunduki yenye risasi inayoweza kumuua Hyperion, rafiki yake, lakini inamshinda kufyatua. Anaondoka, anakusanya upinzani. Namba ya mwisho ni mapigano ya marafiki kwa marafiki. Wengi wanakufa, na Nighthawk ni mmoja wao. Hyperion anabaki katikati ya maiti, na anakubali kwamba rafiki yake alikuwa na haki: hata wakiondoka wao wema, mtawala mbaya atakuta mashine na mamlaka vyote tayari.

Kati ya kazi zake zote, hiyo ndiyo Gruenwald aliipenda zaidi.

Ofisini wenzake walimjua kwa kicheko na utani, na alipanda mpaka kuwa mmoja wa wakubwa wa wahariri. Mwaka 1996 Marvel ilikuwa katika shida kali ya pesa, na BD kadhaa, pamoja na Captain America na Avengers, zilipewa studio za nje. Tarehe 12 mwezi wa nane mwaka ule, moyo wake ulisimama ghafla. Alikuwa na miaka 43.

Aliacha ombi moja la ajabu, na mke wake pamoja na kampuni walilitimiza. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakachanganywa na wino. Mwaka 1997, wino ule ulitumiwa kuchapisha namba zote 12 za Squadron Supreme katika kitabu kimoja. Kitabu kimechapishwa tena baadaye, lakini ni nakala za chapa ile ya kwanza tu zenye majivu yake ndani ya kurasa.