Shaaban Robert alivyomlilia mkewe Amina

Marehemu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliijua Dar es Salaam tangu ujana: kati ya 1922 na 1926 alisoma Shule ya Msimbazi, jirani na Kariakoo. Baadaye akawa karani wa forodha hadi 1944.

Mauti yalipomchukua mkewe, Amina, hakuuficha msiba wake. Alimtungia shairi la maombolezo lenye jina la marehemu, akaliweka wazi katika Maisha Yangu, wasifu uliochapishwa mwaka 1949. Kitabu hicho kina pia tenzi mbili za malezi: Hati kwa binti yake, na Adili kwa mwanawe wa kiume. Anayezisoma baada ya Amina atamwona, pengine, baba anayejaribu kuziba pengo la mama.

Alioa tena. Alifariki mwaka 1962, akazikwa Machui, Tanga.