Bob Moog: fundi aliyeshusha bei ya sintesaiza, kisha akapoteza jina lake

Kuna kijana mmoja Ujiji ana studio ya chumba kimoja. Godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, laptopu moja, spika mbili, basi. Mwaka wa pili huu anadunduliza kwenye kibubu. Anataka sintesaiza, ile ya kushika kwa mkono, siyo programu ya kwenye kompyuta. Na siyo sintesaiza yoyote tu. Anataka Moog.

Aliponiuliza anunue ipi kwa hela aliyonayo, nikaenda kusoma maisha ya mwenye jina lenyewe. Nilitegemea kukutana na tajiri. Nikakutana na mtu aliyehangaika na swali hilohilo la bei karibu umri wake wote, tena yeye akiwa upande wa muuzaji.

Kwanza tuwekane sawa. Sintesaiza inafanana kwa macho na kinanda cha kanisani, lakini kazi yake ni nyingine. Kinanda cha kawaida kimewekewa sauti tayari: unabonyeza namba, inakuja piano, filimbi au tarumbeta. Sintesaiza ya Moog inaanza na mlio mtupu wa umeme. Wewe ndiye unauchuja, unaubana, unauachia, mpaka uwe besi nzito au kitu ambacho hakina jina bado.

Na jina la jamaa lisome kama lilivyoandikwa, oo ndefu kama ya choo. Wazungu wengi wanalikosea. Sisi tunalipata mara ya kwanza tu.

Piano ya mama, solda ya baba

Robert Moog alizaliwa New York tarehe 23 Mei 1934, akakulia eneo la Flushing, Queens. Baba yake alikuwa injinia wa kampuni ya umeme na nyumbani alikuwa na karakana yake. Mama alitaka mtoto awe mpiga piano. Kwa hiyo dogo alikaa kwenye piano kwa amri ya mama, akashika solda na baba kwa mapenzi yake mwenyewe.

Akiwa kijana mdogo alijitengenezea theremini. Hiki ni chombo alichobuni Mrusi Leon Theremin karibu na mwaka 1920, na kinapigwa bila kuguswa. Mkono mmoja hewani unapandisha na kushusha noti, mwingine unaongeza na kupunguza sauti. Mwaka 1954, kabla hajamaliza chuo, yeye na baba yake wakaanza kuuza theremini chini ya jina la R. A. Moog.

Biashara yake ya kwanza kuchangamka ilikuja mwaka 1961. Aliandika makala kwenye jarida la mafundi kueleza theremini ya transista inavyoundwa, halafu akauza vipande vyake vikiwa kwenye boksi, mnunuzi anaunganisha mwenyewe nyumbani. Bei ilikuwa chini kidogo ya dola 50, na yaliuzwa maboksi kama 1,000. Huyu ni mwanafunzi, anafanya kazi nyumbani kwake. Kazi ya mikono alimwachia mteja, bei ikashuka, watu wakanunua.

Masomo yalichelewa kwa sababu ya hizo shughuli, ila hakuyaacha. Udaktari wake wa fizikia ya uhandisi aliupata Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1965.

Kitufe cha kengele ya mlangoni

Mwishoni mwa 1963 alikutana na mwalimu wa muziki, Herbert Deutsch, kwenye mkutano wa walimu huko Rochester. Deutsch alikuwa anatunga muziki wa kielektroniki, na enzi zile kazi hiyo ilikuwa mateso: unarekodi mlio kwenye utepe, unaukata kwa wembe, unaunganisha kipande kwa kipande. Mashine kubwa ya RCA iliyokuwepo New York ilichukua chumba na kulishwa maelekezo kwa karatasi ya kutobolewa. Mwanamuziki wa mtaani hakuwa na namna ya kuigusa.

Kiangazi cha 1964 Deutsch akaenda kwenye karakana ya Moog, mji mdogo wa Trumansburg. Wazo la Moog lilikuwa jepesi kulieleza: acha umeme uendeshe umeme. Kila ukiongeza volti moja, noti inapanda oktava moja. Kwa hiyo kifaa kimoja kinaweza kukiambia kingine cha kufanya kupitia waya, na mwanamuziki anacheza kwa vidole hapohapo, hakuna wembe.

Deutsch akasema noti zinawaka na kuzima ghafla mno, anataka ziingie na kutoka taratibu kama za chombo halisi. Moog akamtuma dukani akanunue kitufe cha kengele ya mlangoni, kitu cha senti tu. Wakakiunganisha, ukikibonyeza sauti inapanda, ukiachia inafifia. Mpaka leo kila sintesaiza ina sehemu inayofanya kazi hiyo, hata ile ya bure kwenye simu yako.

Oktoba 1964 alipeleka mashine yake kwenye mkutano wa mainjinia wa sauti New York. Alirudi nyumbani na oda. Miongoni mwa wateja wa kwanza alikuwemo Alwin Nikolais, mtunzi wa dansi.

Baada ya hapo wanamuziki wakawa wanamwambia wanachotaka, naye anakitengeneza. Aliyemsukuma sana ni Wendy Carlos. Mwaka 1968 Carlos alitoa albamu ya Switched-On Bach, nyimbo za Bach zote zikiwa zimepigwa kwa Moog. Mashine ile ilitoa noti moja kwa wakati mmoja, hakuna kodi, kwa hiyo Carlos alirekodi mstari mmoja, anarudi, mwingine, anarudi tena, kazi ya miezi. Albamu ilipita nakala milioni moja na kuchukua tuzo tatu za Grammy.

Kila studio kubwa ikataka Moog. George Harrison wa Beatles akanunua yake, na inasikika kwenye Abbey Road ya 1969.

Shida ikawa bei. Mfumo kamili ulikuwa kabati la vipande vinavyounganishwa kwa waya nyingi kama nyavu za dagaa zilizovurugika, na ungeweza kufika dola 10,000. Waliokuwa na uwezo huo walikuwa wachache. Wakishanunua wote, nani anafuata? Albamu za kuigiza ile ya Carlos zikaacha kuuza, oda zikakauka, na kiwanda kikabaki na madeni. Moog mwenyewe alikiri baadaye kwamba biashara hakuijua. Alijua kuunda.

Mashine iliyozaliwa kwa njaa

Hapa ndipo panaponigusa mimi.

Fundi wake mmoja, Bill Hemsath, alichukua vipande vilivyobaki karakanani akaviunganisha kwenye sanduku moja dogo lenye kibodi yake. Waya za nje hakuna, kila kitu kimeshaunganishwa ndani. Unapoteza uhuru wa kuunganisha unavyotaka, lakini unaweza kuibeba kwapani ukaenda nayo kupiga.

Simulizi ya kiwandani inasema Moog hakushawishika sana. Akiwa safarini, wale mainjinia wakiona kampuni inazama, wakaunda kadhaa bila ruhusa yake. Aliporudi alikasirika kwanza, halafu akakubali. Ndiyo Minimoog Model D.

Ilitoka mwaka 1970 kwa bei ya dola 1,495. Hiyo haikuwa hela ya mboga: kwa enzi zile huko Marekani, gari dogo jipya la Volkswagen lilikuwa chini ya dola 2,000. Ila ukilinganisha na 10,000, mpiga kinanda wa bendi ya ukumbini angeweza kuanza kuhesabu.

Waliacha nini na kupunguza nini? Kibodi ikawa na vibonyezo 44 tu. Noti bado moja kwa wakati. Hakuna kumbukumbu, ukipata sauti nzuri unaiandika kwenye karatasi vitufe vilipokaa, la sivyo kesho huipati. Lakini hawakugusa moyo wake: vitoa mlio vitatu, na lile chujio la Moog, lenye hataza ya mwaka 1969, linaloifanya besi isikike kama ina nyama. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo zima la kununua chombo cha bei mbaya kwa hela ndogo. Walijua kisichoguswa.

Mara ya kwanza maduka ya muziki hayakuelewa waiuzaje. Mchuuzi mmoja, David Van Koevering, akaizungusha Florida akiwapigia wanamuziki mmojammoja, mpaka maduka yakaanza kuagiza. Hadi uzalishaji unasimama mwaka 1981, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 12,000. Kraftwerk waliitumia Autobahn, 1974. Bernie Worrell akajenga nayo besi ya Flash Light ya Parliament. Ukisikia leo besi ya kutetemesha kifua kwenye biti ya Bongo Fleva, yule prodyuza pengine hajawahi kuiona Moog, ila sauti anayoitafuta kwenye laptopu asili yake ni lile sanduku.

Jina likaenda

Minimoog iliiokoa mashine, mwenye nayo haikumwokoa. Mwaka 1971, akiwa amebanwa na madeni, Moog alimuuzia kampuni mfanyabiashara Bill Waytena. Kiwanda kikahamishiwa karibu na Buffalo. Mwaka 1973 kikauzwa tena, kwa Norlin. Yeye akabaki kama mwajiriwa kwenye kampuni yenye jina lake. Mwaka 1977 akaondoka.

Akahamia milima ya North Carolina, karibu na Asheville, akafungua karakana ndogo, Big Briar. Jina la Moog halikuwa lake tena kibiashara, kwa hiyo hakuweza kuliandika kwenye alichokitengeneza. Fikiria: fundi wa mitumbwi Kibirizi anaambiwa asichonge jina lake kwenye mtumbwi alioupiga mwenyewe.

Alirudi kwenye theremini, alikoanzia. Akafanya kazi kwa Kurzweil miaka ya 1980, akafundisha chuo. Kampuni iliyochukua jina lake ikafa katika miaka hiyo hiyo ya 80. Vinanda vya Kijapani vya kidijitali vilikuwa vimeteka soko: kodi unapiga, sauti zinahifadhiwa, bei nafuu. Minimoog za zamani zikawa zinauzwa kama mtumba wa kawaida. Waliozinunua kipindi kile walicheka baadaye.

Mwaka 2001 Sweden ilimpa Tuzo ya Muziki ya Polar. Mwaka 2002, baada ya mvutano wa kisheria, alirudishiwa haki ya kutumia jina lake, na mwaka huohuo ikatoka Minimoog Voyager, safari hii ikiwa na kumbukumbu. Alikuwa na miaka 68. Alilitumia jina lake kwa miaka mitatu tu. Mwaka 2005 aligunduliwa uvimbe kwenye ubongo, akafariki Asheville tarehe 21 Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 71.

Tarehe 23 Mei 2012 Google waliweka Minimoog ya kuchezea kwenye ukurasa wao wa mbele kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Kampuni ya Moog ilinunuliwa mwaka 2023 na inMusic.

Sasa turudi Ujiji

Minimoog mpya iliyotolewa upya mwaka 2022 ilitangazwa kwa karibu dola 5,000. Hapo ni zaidi ya milioni 10 za Kitanzania kabla ya nauli na ushuru. Hiyo mwanangu wa Ujiji asahau. Ya zamani kutoka Marekani nayo ina mtego wake: ya soko la kule inakula umeme wa volti 120 au chini, wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma umezika kibubu. Na zile za mwanzo zilijulikana kwa kuhama noti joto likibadilika. Mchana wa Kigoma na bati juu ya kichwa, utatyuni mpaka uchoke.

Ipo njia ya tatu. Hataza ya lile chujio ilishaisha muda wake kitambo, na Behringer wametengeneza nakala ya Model D, bila kibodi, iliyoingia sokoni kwa karibu dola 300. Unaiunganisha na kibodi uliyonayo. Wapo wanaosema huko ni kumnyonya marehemu. Mimi naona kijana asiye na milioni 10 hajamwibia mtu, na mtu aliyeanza kwa kuuza maboksi ya dola 50 sidhani kama angemfukuza dukani. Hapo tunaweza kubishana.

Nilichomwambia kwa msisitizo ni kingine. Nusu ya wateja wake ni kwaya, na kwaya inataka kodi. Moog, ya kweli au ya kuigiza, ya aina hii inapiga noti moja. Akinunua hiyo peke yake, Jumamosi ya kurekodi kwaya atakuwa analiangalia sanduku zuri sana.

Alinyamaza. Halafu akasema kinanda kikuukuu cha kodi anaweza kuazima, besi ndiyo haazimwi na mtu.

Kibubu bado hakijavunjwa. Anasubiri jamaa wa Dar amtumie video ya ile nakala ikiwa imewashwa saa nzima bila kuzimwa, noti moja tu imeshikiliwa, asikilize kama itahama.