Mwana wa Unguja Aliyejiita Zebaki

Mwanafunzi mmoja wa Malindi aliniuliza majuzi kama mwimbaji Freddie Mercury ni mwenzetu wa pwani. Naam, ni mwenzetu. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika Mji Mkongwe ambao nao una mtaa uitwao Malindi, akapewa jina Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat. Alisomeshwa India, akarejea, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikojiita Mercury, yaani Zebaki. Jina lilimwafiki, kwani zebaki haishikiki mkononi.

Mwaka 1970 aliasisi bendi pamoja na wenziwe, akaiita Queen, yaani Malkia. Katika filamu ya wimbo wao mmoja wa 1984 alivaa sketi, akafagia nyumba kwa mashine, na masharubu hakuyanyoa. Waingereza walicheka, Wamarekani wengi walichukizwa. Hata leo, baadhi ya wasanii waigizao jukwaani kwa mavazi ya kike humwiga. Alifariki kwa UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991.

Baadhi ya watu wa Unguja walipotaka kumwadhimisha mwaka 2006, sherehe ilipingwa, ikafutwa. Sidai kwamba kila msomaji ayapende mavazi yake. Nadai tu kwamba sisi walimu tusilikwepe swali la mwanafunzi yule. Wahenga walimwita mkataa kwao mtumwa. Hawakutuachia jina la watu wanaomkataa mwana wao.